Shahada Asiyoiomba

Barua ilipofika, Ozella Narcisse alikuwa anachambua maharage. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu katika nyumba za mji wa Delorme ni wali na maharage mekundu, awe mwenye nyumba tajiri au hana mbele wala nyuma. Zamu yake kwenye jiko la chuo kikuu ilikwisha saa nane mchana, kwa hiyo alikuwa ameshavua viatu. Akaenda pekupeku mpaka kwenye sanduku la barua kando ya barabara, akatoa bahasha kubwa ya rangi ya maziwa yenye nembo ya chuo na jina la binti yake, Raynelle.

Kabla hujamlaumu kwa kufungua barua isiyo yake, elewa kwamba nyumbani kwa akina Narcisse barua zote hufunguliwa na Ozella. Za umeme, za hospitali, za kiwanda cha sukari anachofanyia kazi mumewe Alcide wakati wa msimu wa miwa, zote. Alifungua hii kwa kisu cha vitunguu, na neno la kwanza alilokutana nalo lilikuwa Hongera. Alilisoma amesimama. Akaketi, akalisoma tena, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaita.

Barua ilisema kwamba Raynelle, akiwa amefikisha saa za masomo zinazotakiwa, ametimiza masharti ya Shahada ya Masomo ya Jumla, na chuo kitamtunuku. Huo ndio ulikuwa ukurasa wa kwanza. Wa pili ulikuwa na maandishi madogo ya kumtesa mtu macho, na Ozella, usidhani alikuwa mvivu, alivaa miwani akausoma wote mpaka chini. Ulisema kuwa mwanafunzi asiyeitaka shahada hiyo atie sahihi hapa na kuurudisha ukurasa huu ndani ya siku ishirini na moja. Asiporudisha, ataandikwa kuwa amehitimu.

"Asiyeitaka," Alcide alirudia, alipopewa aone. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kigumu, kwa sababu mgongo wake haukutaka tena viti laini. "Wapo wasioitaka?"

"Ndivyo walivyoandika. Watu wa ofisi hawakosi la kuandika."

"Lakini hii si uuguzi anaosomea, Zella. Inasema masomo ya jumla."

"Hiyo ni ya njiani. Anapewa hii, anaendelea na ile. Hujawaona madaktari, jina moja linafuatwa na herufi sita? Unadhani zote walizipata siku moja?"

Alcide akacheka, akamrudishia karatasi. "Haya. Mtoto akirudi mwambie, basi. Jina ni lake."

"Nitamwambia Jumapili ya Wahitimu. Mbele ya kanisa zima."

"Hiyo ni karibu wiki nne."

"Miaka sita nimesubiri. Wiki nne ndizo zitanitoa roho?"

Alcide hakubisha. Katika ukoo wake na wa mkewe, kuanzia wale waliokata miwa mpaka wale waliosukuma mikokoteni ya hospitali, hapakuwa na mtu aliyewahi kuwa na shahada ya kitu chochote. Ozella akanunua fremu ya mbao nyeusi, akautia ukurasa wa kwanza nyuma ya kioo. Ukurasa wa pili akauweka kwenye droo, pamoja na risiti za gesi.

Lilikuwapo jambo jingine lililomfurahisha, nalo lilikuwa kifuani pake. Miezi minane sasa wafanyakazi wote wa chuo, kuanzia maprofesa mpaka waosha vyombo, walikuwa wanavaa beji ya duara yenye namba 45. Bunge la jimbo lilikuwa limepitisha sheria mpya: chuo cha umma kitakachoweza kuwahitimisha ndani ya miaka sita wanafunzi arobaini na watano katika kila mia, kitabaki na baraza lake, na tena kitaruhusiwa kupandisha ada. Kitakachoshindwa, baraza lake litavunjwa na chuo kitatawaliwa kutoka mji mkuu. Chuo cha Delorme kilikuwa kwenye arobaini na tatu na kitu. Wapishi waliambiwa wazi kwamba watu wa mji mkuu wakija, jiko litapewa kampuni, na kampuni itakuja na wapishi wake. Ozella aliiombea ile namba kila usiku kabla ya kulala. Na sasa binti yake mwenyewe alikuwa ndani yake.

Tarehe ishirini na tano ya Mei, siku ya ishirini na moja, ikapita. Siku hiyo Ozella alikuwa anachagua keki.

*

Kanisa la Kibaptisti la Nebo lilikuwa na wahitimu wanne mwaka huo: wawili wa sekondari, mmoja wa shule ya vinyozi, na wa nne aliyekuwa siri ya Ozella na mchungaji. Raynelle alifika ibada imeshaanza, akitoka moja kwa moja hospitali alikokuwa anafanya mafunzo kwa vitendo, amevaa sare ya uuguzi ya rangi ya damu ya mzee. Alikaa kiti cha nyuma kabisa. Alikuwa na miaka ishirini na minne na macho ya mtu aliyesimama kwa muda wa saa kumi na mbili.

Mchungaji Honore aliwaita wale watatu, wakapigiwa makofi. Kisha akasema bado hatujamaliza, akamwita Ozella. Ozella alikwenda mbele na kofia yake ya manjano, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa, akamwita bintiye kwa majina yake yote matatu. Watu wakageuka. Raynelle alikuja taratibu, anatabasamu bila kujua anatabasamia nini, akafungua karatasi.

Aliisoma pale pale. Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yakarudi juu, yakaanza mstari wa kwanza tena.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "barua hii ilikuja lini?"

"Mwanzo wa mwezi. Nimekutunzia."

"Ukurasa wa pili uko wapi?"

"Nyumbani, kwenye droo. Ulikuwa wa wasiotaka."

Mchungaji akamsogezea kipaza sauti. "Binti yetu, tupe neno."

Raynelle aliangalia watu mia na ishirini waliomjua tangu hajaota meno. "Namshukuru mama yangu," alisema, na sauti ikamkatika. Kanisa zima likasema amina, wanawake wakatoa leso, na Ozella, Mungu amsamehe, alidhani ile ni furaha. Wakapigwa picha. Katika ile picha, ambayo ipo mpaka leo, mama ameinua kidevu na mtoto anaangalia miguu yake.

*

Raynelle alikaa mpaka chakula kikaisha. Alikula kuku, alikata keki, alikumbatiwa na kila bibi. Walipofika nyumbani alienda moja kwa moja kwenye droo, akapekua risiti, akaukunjua ule ukurasa juu ya meza ya jikoni.

"Tarehe ishirini na tano," alisema. "Leo thelathini na moja. Nimechelewa siku sita."

"Umechelewa nini, mwanangu? Si wamekupa?"

"Keti, mama." Akamvutia kiti. "Ile hela ya serikali inayonilipia ada ni ya mtu asiye na shahada. Ukipata moja, unatolewa. Hawaulizi ni ya nini."

"Lakini hii ni ya jumla. Yako ni ya uuguzi."

"Nilikuwa nimebakiza mihula miwili ya uuguzi. Miwili tu, mama. Na kile kiti changu darasani, kile nilichokingojea miaka miwili, ni cha mwanafunzi. Mimi si mwanafunzi tena. Mimi nimehitimu."

"Umehitimu nini?"

"Sijui," alisema Raynelle. "Masomo."

Ozella akauvuta ule ukurasa, akaisoma tarehe. Aliuliza kama hawakumtumia habari kwenye simu, na Raynelle akasema walimtumia. Tangu Januari walimtumia ujumbe karibu arobaini, wote una kichwa kimoja, Maliza kwa Fahari, na ukiufungua unakuta picha ya kofia na baluni. Aliacha kuufungua mwezi wa tatu. Ozella alilidaka neno hilo: kumbe na wewe uliacha. Lilikuwa karibu kumtoka. Akamwangalia mtoto alivyouegemeza uso kwenye viganja, akaona haya kwa kuwa amelifikiria.

Alcide alikuwa mlangoni, amesikia yote. Angeweza kusema nilikwambia. Hakusema, na Ozella angependelea aseme, amjibu, wagombane, yaishe.

*

Kesho yake asubuhi na mapema Ozella na Raynelle walikuwa masijala ya chuo, dirisha la tatu, wakiwa na kikaratasi cha namba. Nyuma ya kioo alikaa Bi Pruitt, ambaye kila siku saa sita Ozella humpakulia supu bila vitunguu.

"Bi Ozella, leo wewe ndiye uliye foleni," alisema Bi Pruitt, na alipoona nyuso zao akaacha mzaha.

Raynelle alieleza. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama anavyomweleza daktari hali ya mgonjwa. Bi Pruitt alibonyeza kompyuta, akasoma, akatikisa kichwa.

"Imeshaandikwa. Shahada ikishatunukiwa haiondolewi. Ni sheria mpya, kipengele cha nne."

"Sikuiomba," alisema Raynelle.

"Najua, mpenzi."

Ozella alisogea kwenye kioo. "Kwa hiyo kumpa mnaweza bila yeye kuomba, na kuichukua hamwezi hata akipiga magoti."

"Sikuitunga mimi, Bi Ozella."

"Hakuna mlango wowote?"

"Upo mmoja." Bi Pruitt aliangalia kushoto na kulia. "Ikigundulika kwamba mwanafunzi aliipata kwa udanganyifu, inafutwa. Basi." Kisha akapunguza sauti. "Mko kumi na mmoja mpaka sasa. Ijumaa kulikuwa na kijana wa uhandisi, amelia hapo hapo uliposimama. Siwezi kitu."

Walipogeuka waondoke, akawaita. Alikuwa ameshika bango la kuchomeka bustanini, jipya, bado limefungwa nailoni. Lilisema HAPA ANAISHI MHITIMU WA DELORME. Kila familia lazima ipewe moja, alisema, na atie alama kwamba wamechukua. Ozella akalichukua. Angefanya nini, mwanamke yule alikuwa anamshikia kalamu.

*

Makamu wa mkuu wa chuo aliitwa Dokta Whitlow, mtu mrefu mwenye adabu, anayekumbuka majina ya wapishi. Alipofika kwenye chakula siku hiyo Ozella alimpakulia wali, akapakua mchuzi, na sahani akaing'ang'ania mkononi.

"Dokta, nina shida na mwanangu."

Watu watano walikuwa nyuma yake na trei zao. "Njoo ofisini saa tisa, Bi Ozella," alisema. "Nakusikiliza wewe."

Na kweli alimsikiliza. Alimkalisha kwenye kochi la ngozi, Ozella akakaa pembeni kabisa kwa sababu aproni yake ilikuwa na mafuta. Aliposikia yote aliondoa miwani, akajifuta uso.

"Laiti kalamu ingekuwa yangu," alisema. "Si yangu. Hilo ni la baraza. Na baraza likifuta shahada hata moja, wale wa bungeni watasema tunachezea hesabu."

"Nani alianza kuzichezea?"

Dokta Whitlow hakukasirika. Alisema Raynelle anaweza kuomba upya, kama mtu anayetafuta shahada ya pili. Foleni ipo, lakini yeye mwenyewe atamwandikia barua ya kumsifu. Ila Raynelle angejilipia, bila ile hela ya serikali, dola elfu nne na mia tisa kila muhula.

Ozella alikuwa analipwa dola kumi na moja kwa saa. Hakuhitaji karatasi kuona kwamba haiwezekani.

"Na bora aombe mapema," Dokta Whitlow aliongeza kwa upole. "Kwa sababu tukivuka arobaini na tano, ada itapanda Januari. Nane kwa kila mia."

Macho yake yalishuka kidogo, yakakutana na beji kifuani kwa Ozella, yakahama haraka. Ozella naye akaitazama. Alikuwa ameivaa hata siku ile, kwa mazoea.

Kuanzia hapo walipigwa danadana mwezi mzima. Katibu wa baraza alisema suala ni la bunge. Ozella akampigia simu mbunge wa eneo lao, mara saba, mpaka siku moja wakati wa mapumziko, amejificha kwenye stoo ya unga, akapokewa na msichana mwenye sauti changamfu.

"Mheshimiwa anathamini sana maoni yako, mama. Unaiunga mkono sheria au unaipinga?"

"Nataka mwanangu arudishwe darasani."

"Nimekusikia. Ila hapa nina visanduku viwili tu. Kuunga mkono, au kupinga."

"Hakuna cha kuomba?"

Ozella akamsikia msichana akivuta pumzi; hakuwa mtu mbaya. "Hakuna, mama."

"Basi weka popote," alisema Ozella.

*

Wazo lilimjia akiwa anakaanga samaki, na mpaka chakula kinafika mezani lilikuwa limekomaa. Walikuwa watatu, yeye, Alcide na Raynelle, na bango lile lilionekana dirishani, limechomekwa kwenye majani. Alcide alikuwa amelichomoa mara mbili. Mara zote mbili Ozella alilirudisha, kwa sababu msimamizi wa jiko alikuwa anapita barabara ile akienda kazini.

"Bi Pruitt alisema upo mlango mmoja," alianza.

Raynelle aliweka uma chini. "Mama, usiseme."

"Somo moja tu. Lile la historia la mwaka wa kwanza, nani analikumbuka? Useme kuna insha uliandikiwa. Watakukaripia, wataifuta shahada, utarudi kuwa mwanafunzi."

"Na leseni? Unajua fomu ya leseni ya uuguzi inauliza nini ukurasa wa kwanza? Inauliza kama umewahi kufanya udanganyifu chuoni. Muuguzi aliyeiba mtihani, nani atampa sindano amchome mtu?"

"Watasahau."

"Hawa? Hawa waliotuma ujumbe arobaini?"

"Sasa unataka nifanye nini?" Ozella alisema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitegemea. "Nilijua ni kitu kizuri. Nilisoma kurasa zote mbili, mpaka chini. Niliona wamekupa kitu, ndiyo mara ya kwanza wanatupa kitu, nikasema nisikiharakishe, nikifurahie kidogo. Ningejuaje kwamba kwenu huko mtu anapewa kitu ili anyang'anywe?"

Raynelle alinyoosha mkono akaushika wa mamaye, ule wenye kovu la mafuta. Huruma ile ilimuuma Ozella kuliko matusi. Alcide aliinuka kwa shida, akatoka nje, na wakamwona kupitia dirishani akisimama mbele ya bango, mikono kiunoni. Alisimama muda mrefu. Halafu akalinyoosha, maana upepo ulikuwa umelilaza, akarudi ndani kula.

Mwezi wa nane, siku masomo yalipoanza, Raynelle aliifua ile sare ya damu ya mzee, akaipiga pasi, akaikunja, akaipeleka kwa msichana aliyepewa kiti chake. Walikuwa wanavaa saizi moja. Wiki iliyofuata alianza kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuwaogesha na kuwalisha, kazi ambayo mtu husomea wiki sita. Kwenye fomu ya kazi aliandika kwamba amemaliza sekondari. Mwenzake alikuwa amemtonya kwamba meneja hapendi wenye shahada, anasema hawakai.

*

Hesabu ilitangazwa katikati ya Septemba. Jiko liliagizwa keki ya futi nne, iandikwe 45 kwa rangi za chuo, na Ozella, mwenye mkono mzuri kuliko wote, akapewa kisu. Ukumbi ulijaa. Wajumbe wa baraza walikuja na suti zao, baraza lao limeokoka, na walikuwa na nyuso za watu waliotolewa jino bila maumivu.

Dokta Whitlow alipanda kwenye jukwaa dogo. Alisema wamevuka. Alisema wamevuka kwa watu watatu tu, watatu, akavionyesha vidole, na ukumbi ukacheka kwa ahueni. Waliokuwa na hofu ya kazi walikumbatiana. Jiko lilikuwa limepona. Mwosha vyombo mmoja, mwanamke mwenye watoto wanne, alimkumbatia Ozella kwa nyuma huku analia, na Ozella akampapasa mkono, maana machozi yale yalikuwa ya haki.

"Na namba hizi zina sura," Dokta Whitlow aliendelea. "Mmoja wa wahitimu wetu ni binti wa huyu hapa anayetulisha kila siku. Bi Ozella, tafadhali, wakuone."

Pengine alidhani anamfanyia hisani. Nadhani alidhani hivyo. Watu walipiga makofi, wengine wakasimama, na mpiga picha akasogea. Ozella alikuwa ameshika kisu chenye krimu. Alijua maneno aliyotaka kusema, alikuwa ameyasema peke yake mara nyingi akiosha masufuria, yalikuwa mengi na yalikuwa ya kweli. Aliwaangalia wapishi wenzake waliokuwa wanampigia makofi kuliko wote, wale ambao kazi zao zilikuwa zimeokolewa na watu watatu.

"Asante," alisema.

Akakata keki, vipande mia mbili na kumi, vyote sawa.

*

Alirudi nyumbani na kipande kimoja ndani ya karatasi ya foili, kama ilivyo desturi. Raynelle alikuwa ametangulia kufika, amekaa kwenye ngazi za mlangoni na viatu vyake vya kazi, ananukia sabuni ya wazee. Ozella alipita kwanza kwenye sanduku la barua. Mlikuwa na bili ya umeme, na bahasha ya rangi ya maziwa.

Aliitambua kabla ya kuiona nembo. Hakuifungua. Aliibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye ngazi, akampa mwenyewe.

"Ni yako," alisema. "Imekuja leo. Sasa hivi."

Raynelle alimwangalia mamaye, akachana bahasha kwa kidole. Alisoma, na kitu kama kicheko kikampita usoni.

"Wanasemaje?"

"Mpendwa Mhitimu. Wanataka nichangie chuo. Dola ishirini na tano, au kadiri nitakavyojaliwa, ili wengine nao wapate nafasi niliyopata mimi."

Ozella alikaa ngazi ya chini yake. Alifungua foili, wakala keki kwa zamu, kwa vidole. Ilikuwa tamu, hilo hakuna wa kulikataa.

"Walivuka kwa wangapi?" Raynelle aliuliza.

"Watatu."

Raynelle akaitika kwa kichwa. Baadaye akamnyooshea karatasi. "Hebu isome na wewe, mama. Nyuma kuna maandishi madogo. Nijibu kabla ya lini?"

Ozella alivaa miwani. Alisoma ukurasa wa mbele, akageuza, akasoma wa nyuma taratibu, kidole kikifuata mstari kwa mstari mpaka chini kabisa, kisha akarudi juu akaanza tena, kwa sababu safari hii hakutaka kukosea.

"Hawakuweka siku," alisema. "Hii watakusubiri."